Sheria ya Kuzuia Sheria: Mfuko wa Plastiki na Mamlaka ya Miji ya Marekani

Kanuni za kudhibiti plastiki ya kutumiwa mara moja nchini Marekani hazikuanzia katika bunge la taifa, bali katika mabaraza ya madiwani ya miji ya pwani, ya kando ya mito na hata ya milimani, na kwa sababu hiyo historia yake haitenganishiki na swali lililo kongwe kuliko plastiki yenyewe, yaani mji una mamlaka gani mbele ya jimbo lake. Msomaji wa Afrika Mashariki amezoea njia iliyo kinyume, kwa kuwa Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019 katazo la mifuko lilishuka kutoka serikali kuu na kuikuta miji yote kwa siku moja. Marekani katazo lilipanda kutoka chini, mji mmoja baada ya mwingine, na mara nyingi lilipopanda lilikutana na mkono wa jimbo. Ukiufuatilia mkono huo, unaona kwamba umbo la kanuni nyingi zilizopo leo, kama ni katazo au ni tozo, kama ni za mfuko au za mrija wa kunywea, halikuamuliwa sana na tabia ya takataka. Liliamuliwa na mlango ambao jimbo lilikuwa halijaufunga.

Katiba ya Marekani inayataja majimbo mara nyingi, lakini haiitaji miji hata mara moja. Pengo hilo lilijazwa na majaji katika karne ya 19, wakati miji ilipokuwa ikikua kwa kasi, ikikopa fedha za kuzisaidia kampuni za reli na pengine kushindwa kuzilipa. Mwaka 1868 John F. Dillon, jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo la Iowa, alitoa hukumu katika shauri kati ya mji wa Clinton na kampuni moja ya reli, akaeleza kwamba mji ni kiumbe cha bunge la jimbo, na kwamba bunge lililoupa uhai linaweza pia kuuondoa. Miaka minne baadaye aliyapanua mawazo hayo katika kitabu chake kuhusu sheria za miji, na tangu hapo Kanuni ya Dillon ikawa jina la msimamo kwamba mji hauna mamlaka isipokuwa yale uliyopewa kwa maneno ya wazi, yale yanayotokana moja kwa moja na maneno hayo, na yale ambayo mji usingeweza kuwa mji bila kuwa nayo. Palipo na shaka, shaka huamuliwa dhidi ya mji. Mwaka 1907 Mahakama ya Juu ya Marekani ilielekea upande huohuo iliporuhusu Pittsburgh kuumeza mji jirani wa Allegheny, ingawa wengi wa wakazi wa Allegheny walikataa.

Msimamo huo haukupita bila kupingwa. Thomas Cooley, jaji wa Michigan, aliandika mwaka 1871 kwamba serikali ya mtaa ni haki ya asili ambayo jimbo haliwezi kuifuta, lakini hoja yake haikupata wafuasi wengi mahakamani. Kilichofanikiwa zaidi ni kubadilisha katiba za majimbo yenyewe: Missouri mwaka 1875, California mwaka 1879 na Texas mwaka 1912 zilitambua mamlaka ya mji kujitawala, yaani haki ya mji unaotimiza masharti fulani kujiandikia hati yake ya uendeshaji na kutunga sheria ndogo bila kuomba ruhusa kwa kila jambo. Mamlaka hayo hata hivyo yalikuwa na mpaka, kwamba sheria ndogo isigongane na sheria ya jimbo, na mpaka huo ndio ulioacha upenyo mkubwa: bunge la jimbo likitaka kuufunga mji mikono, linachohitaji ni kutunga sheria inayosema kwamba jambo fulani si la miji. Kitendo hicho kinaweza kuitwa kwa Kiswahili sheria ya kuzuia sheria, kwa sababu mara nyingi hakisemi takataka zishughulikiwe namna gani, bali husema nani asizishughulikie.

Mfuko uliokuja kuipa sheria ya namna hiyo umaarufu mpya ulibuniwa Sweden. Sten Gustaf Thulin, mhandisi wa kampuni ya Celloplast ya mji wa Norrköping, alibuni kitu ambacho hata leo kinastaajabisha kwa urahisi wake, na hataza yake ya Marekani ilitolewa mwaka 1965. Mrija mrefu wa poliethilini hubanwa ukawa bapa, huunganishwa kwa joto juu na chini, kisha kipande hukatwa upande wa juu ili yabaki masikio mawili ya kushikia, pasipo uzi, gundi wala kiraka. Ukitandazwa mezani hufanana na fulana, na wafanyabiashara wa Marekani wakauita hivyo. Kampuni kubwa zenye maduka mengi, kama Kroger na Safeway, zilipoanza kuutumia mwaka 1982, mfuko wa karatasi ulianza kusukumwa pembeni, kwa kuwa huu mpya ulikuwa wa bei ndogo, haukuchukua nafasi ghalani, na kwa uzito wa gramu chache uliweza kubeba kilo kadhaa za bidhaa. Sifa hizohizo ndizo zilizoufikisha mbele ya madiwani. Wepesi wake uliufanya upeperuke kutoka majaani hadi kwenye matawi ya miti na mitaro ya maji, na unyumbufu wake uliufanya ujizungushe kwenye magurudumu ya mashine za kuchambua takataka, hata wafanyakazi wakalazimika kuuzima mtambo, kuingia ndani na kuukata kwa visu kipande kwa kipande.

Kabla ya mfuko kuwa shauri la peke yake, takataka kwa jumla zilikuwa zimekwisha kuwa shauri. Machi 1987 tishari lililoitwa Mobro 4000 lilipakia zaidi ya tani 3,000 za takataka kutoka New York, zikiwemo za mji wa Islip, likavutwa kuelekea kusini kutafuta mahali pa kuzimwaga. North Carolina ililikataa, Louisiana ikalikataa, Mexico na Belize pia zikalikataa, na baada ya miezi ya kuzunguka baharini, huku televisheni zikilifuata, lilirudi lilikotoka na shehena yake ikachomwa Brooklyn. Islip imo katika kaunti ya Suffolk, na mwaka uliofuata, 1988, kaunti hiyo ilipitisha sheria ya kukataza mifuko ya plastiki ya maduka ya vyakula pamoja na vyombo vya povu la polistairini, yaani lile povu jeupe na jepesi linalotumiwa kwa chakula cha moto. Mwaka huohuo mji wa Berkeley, California, nao ulikataza vyombo vya povu. Chama cha wenye viwanda vya plastiki kiliishtaki Suffolk, na ingawa mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York iliamua mwaka 1991 kwamba chama hicho hakikuwa na haki ya kufungua shauri lile, miaka ilikuwa imekwisha kupita mahakamani, na kaunti iliifuta sheria yake mwaka 1994 kabla haijaanza kutekelezwa.

Kuishtaki kaunti moja moja ni kazi ndefu na ya gharama, ilhali kifungu kimoja cha sheria ya jimbo hufunga kaunti na miji yote kwa pamoja. Mwaka 1993 bunge la Texas liliingiza katika sheria zake za takataka kifungu kilichoikataza serikali ya mtaa kuzuia au kuwekea mipaka, kwa madhumuni ya usimamizi wa takataka ngumu, uuzaji au matumizi ya chombo au kifungashio kwa namna isiyoruhusiwa na sheria ya jimbo. Kifungu hicho kililala kitabuni kwa miaka 20 na ushei, kwa kuwa katika sehemu kubwa ya muda huo hapakuwa na mji wa Texas uliojaribu kuugusa mfuko.

Katazo la kwanza lililotekelezwa katika mji mkubwa wa Marekani lilikuja San Francisco, nalo lilizaliwa kwa njia ambayo watunga sheria wa jimbo hawakuikusudia. Mwaka 2005 viongozi wa mji huo walipendekeza tozo ya senti 17 kwa kila mfuko, ili mteja aone kwenye risiti gharama ambayo mji ulikuwa ukiibeba katika kusafisha mitaa na kukwamua mitambo. Mwaka 2006 bunge la California lilipitisha sheria iliyoyataka maduka makubwa yaweke mapipa ya kurudishia mifuko iliyotumika, na ndani ya sheria hiyohiyo likazikataza serikali za mitaa kutoza ada kwa mifuko ya plastiki. Sheria ile ilitaja tozo tu, haikusema neno juu ya katazo. Machi 2007 madiwani wa San Francisco waliingia kwa mlango huo uliosahauliwa, wakapiga marufuku mifuko ya plastiki ya kawaida katika maduka makubwa ya vyakula, na baadaye katika maduka makubwa ya dawa. Jimbo lilikuwa limezuia hatua nyepesi, nayo hatua nzito ikachukua nafasi yake.

Katika miaka iliyofuata miji mingine ilifuata nyayo hizo, na wapinzani wake wakajipanga. Hoja zao hazikuwa za kupuuzwa. Kampuni yenye maduka katika miji 30 ililazimika kuwafundisha watunza fedha wake kanuni tofauti kila ilipovuka mpaka wa manispaa, mteja mwenye kipato kidogo aliona senti zikiongezeka kwenye risiti yake, na mji kama Hartsville, South Carolina, makao ya kampuni ya mifuko ya Hilex Poly, uliona ajira za kiwanda zikitishiwa na maamuzi ya miji iliyo mbali nao. Hoja hizo zilipata lugha moja pale American Legislative Exchange Council, jumuiya inayowakutanisha wabunge wa majimbo na kampuni binafsi, ilipotoa mfano wa sheria ambao wabunge wangeweza kuupeleka katika mabunge yao. Majimbo kadhaa, yakiwemo Michigan, Wisconsin na Indiana, yalipitisha sheria zinazofanana kwa maneno, na neno lao la msingi lilikuwa chombo saidizi, lililofasiriwa kuwa ni mfuko, kikombe, chupa au kifungashio kingine, kiwe cha plastiki, karatasi, kitambaa, kioo au alumini, kiwe cha kutumiwa mara moja au cha kutumiwa tena na tena. Kwa hiyo sheria iliyochochewa na mfuko wa plastiki iliweka chini ya ulinzi wa jimbo hata mfuko wa kitambaa ambao hakuna mji uliokuwa umefikiria kuukataza.

Mahali ambapo maneno ya sheria za namna hiyo yalipimwa kwa umakini zaidi ni Laredo, mji wa Texas ulio kando ya mto Rio Grande, unaotazamana na Mexico. Mwaka 2014 mji huo ulipitisha sheria ndogo ya kukataza mifuko ya plastiki na ya karatasi ya kutumiwa mara moja madukani, kwa lengo lililotajwa la kuupendezesha mji kwa kuzuia uchafu, na chama cha wafanyabiashara wa mji kikaenda mahakamani. Shauri zima lilisimama juu ya kile kifungu cha 1993. Je, mfuko ni chombo, au neno chombo linahusu tu kitu kigumu kama chupa na pipa? Je, kuzuia mifuko isipeperuke mitaani ni usimamizi wa takataka ngumu, au takataka huanza kuwa takataka pale zinapotupwa, hata kanuni inayomgusa mwenye duka kabla ya hapo isiwe ya usimamizi wa takataka? Mahakama ya kwanza iliupa mji ushindi, mahakama ya rufani mwaka 2016 ikaugeuza uamuzi, na tarehe 22 Juni 2018 Mahakama ya Juu ya Texas, majaji wote wakiwa wamoja, ikaamua kwamba mfuko ni chombo kwa maana ya kawaida ya neno, kwamba kuzuia uchafu wa mifuko ni kusimamia takataka, na kwamba sheria ndogo ya Laredo haina nguvu. Jaji Mkuu Nathan Hecht aliandika kwamba faida na madhara ya mifuko si kazi ya mahakama kuyapima. Jaji Eva Guzman, katika maoni yake ya ziada, alikubaliana na hukumu lakini akaeleza uzito wa uchafuzi wa plastiki na kulikumbusha bunge kwamba jibu liko mikononi mwake. Baada ya hukumu hiyo, Austin, iliyokuwa na katazo lake tangu Machi 2013, nayo iliacha kulitekeleza.

Majimbo mengine hayakuishia kwenye kufasiri maneno. Mwaka 2016 Arizona ilitunga sheria inayomruhusu mbunge mmoja tu wa jimbo kumtaka Mwanasheria Mkuu achunguze kama sheria ndogo ya mji fulani inapingana na sheria ya jimbo, na mji ukikutwa na kosa bila kulirekebisha kwa wakati, unaweza kupoteza mgao wake wa mapato ya jimbo. Bisbee, mji mdogo wa milimani uliojengwa kwa utajiri wa machimbo ya shaba na kubaki na wakazi wapatao 5,000 machimbo yalipofungwa, ulikuwa na katazo la mifuko ya plastiki. Mwaka 2017 Mwanasheria Mkuu alitamka kwamba katazo hilo linapingana na sheria ya jimbo, na madiwani, wakiwa wamewekewa mifuko upande mmoja na fedha za kuendesha mji upande wa pili, waliligeuza kuwa la hiari. Florida ilitumia njia ya polepole zaidi. Sheria yake ya mwaka 2008 iliiagiza idara ya mazingira ichunguze suala la mifuko na kutoa mapendekezo, na kuisimamisha miji isitunge kanuni yoyote hadi bunge litakapoyakubali mapendekezo hayo. Ripoti ilitolewa mwaka 2010, bunge halikuikubali wala kuikataa, na zuio lililoandikwa kama la muda likawa halina mwisho.

Palipokuwa na upenyo, miji iliutumia, hata kama upenyo wenyewe ulikuwa upande wa pili wa ule wa California. Minneapolis ilipitisha katazo lililopaswa kuanza tarehe 1 Juni 2017, lakini siku mbili kabla ya tarehe hiyo Gavana Mark Dayton alitia saini muswada mkubwa uliobeba ndani yake kifungu cha kuizuia miji ya Minnesota isikataze mfuko wa aina yoyote. Kifungu hicho kilitaja katazo na kunyamaza kuhusu tozo, basi madiwani wakarudi mezani, na tangu mwanzo wa mwaka 2020 maduka ya mji huo yalitakiwa kutoza senti 5 kwa kila mfuko. Michigan, kwa upande wake, ilikuwa imefunga milango yote miwili. Sheria yake ya Desemba 2016 ilikataza makatazo na tozo pia, ikaizima tozo ya senti 10 ambayo kaunti ya Washtenaw ilikuwa imekwisha kuipitisha, na hayo yalitokea katika jimbo ambalo wapiga kura wake waliamua mwaka 1976 kwamba kila anayenunua soda au bia aweke amana ya senti 10 kwa kopo au chupa na kurudishiwa akileta kile kitupu.

Uzuiaji huo hata hivyo haukuwa silaha ya wapenda mifuko peke yao, na hapa ndipo historia hii inapokataa kugawanywa katika pande mbili za wema na ubaya. Hoja kwamba kanuni ziwe moja kwa jimbo zima iliyazaa makatazo ya jimbo zima sawasawa na ilivyoyazaa mazuio ya jimbo zima. California ilipofikia mwaka 2014 ikiwa na sheria ndogo zaidi ya 100, chama cha wenye maduka ya vyakula kiliunga mkono katazo la jimbo lote, kwa kuwa kwao kanuni moja kali ilikuwa afadhali kuliko kanuni mia zinazotofautiana. Sheria hiyo, iliyotiwa saini Septemba 2014 na kuthibitishwa na wapiga kura Novemba 2016 baada ya wenye viwanda vya mifuko kuipeleka kwenye kura ya maoni, iliziacha sheria ndogo za zamani na kuizuia miji isitunge mpya. Iliruhusu pia mfuko mnene wa plastiki, wa maikroni 57 au zaidi, uuzwe kama wa kutumiwa tena, na mifuko hiyo minene ikatupwa kama ile myembamba, kasoro ambayo miji ilikuwa imezuiwa kuirekebisha yenyewe, hadi mwaka 2024 jimbo lilipotunga sheria nyingine ya kuiondoa madukani kuanzia Januari 2026. New York ilipita njia iliyopinda zaidi: Februari 2017 jimbo liliizuia tozo ya senti 5 ya Jiji la New York siku moja kabla haijaanza, kisha mwaka 2019 jimbo hilohilo likatunga katazo lake lenyewe, likaanza Machi 2020. Hawaii haikuhitaji bunge kutunga sheria ya mifuko, kwani kaunti zake kuu nne zilikataza kila moja kwa wakati wake, kuanzia Maui na Kauai mwaka 2011 hadi Honolulu mwaka 2015, na jimbo likajikuta na katazo ambalo bunge lake halikulitunga.

Colorado inatoa mfano wa jimbo lililougeuza uamuzi wake kwa maandishi. Kwa miaka mingi sheria yake iliizuia miji isikataze wala kulazimisha aina yoyote ya bidhaa za plastiki, ingawa Telluride na Aspen, miji ya watalii wa theluji, iliweka makatazo yake ya mifuko bila kungoja. Julai 2021 gavana alitia saini sheria iliyopanga hatua kwa tarehe: tozo ya senti 10 kwa kila mfuko kuanzia Januari 2023, katazo la mifuko ya plastiki katika maduka makubwa na la vyombo vya povu kuanzia Januari 2024, na kuanzia tarehe 1 Julai 2024 kufutwa kwa zuio la zamani, ili mji unaotaka kuwa mkali kuliko jimbo uruhusiwe, na usiotaka ubaki na kiwango cha jimbo. Jimbo liliweka sakafu na kuondoa dari. Texas, yenye kifungu cha mwaka 1993, isingehitaji hata kufuta neno ili kufanya vivyo hivyo, kwa kuwa kifungu chenyewe kinazuia tu kile ambacho sheria ya jimbo haijakiruhusu. Ruhusa hiyo ndiyo Laredo iliyoambiwa na mahakama kwamba haina, na mwenye uwezo wa kuitoa ni bunge lilelile lililoiandikia miji sharti hilo.